Asumini Akiwa Bibi: Majina ya Maua na Utu Uzima

Tunapofundisha ngeli za nomino, mara nyingi hutokea mwanafunzi akauliza swali lililo nje ya sarufi. Safari hii swali lilihusu jina. Dada yake amejifungua mtoto wa kike, na wazazi wanataka kumwita Asumini. Shangazi wa mtoto anapinga. Anasema jina la ua linampendeza mtoto mchanga, lakini mtoto huyo atakapokuwa hakimu, au bibi mwenye wajukuu, nani atamheshimu? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kupitia historia ya majina ya aina hiyo katika lugha tunayoifundisha.

Tuanze na maneno yenyewe. Asumini, ambalo wengine hulitamka Yasmini, lina asili ya Kiajemi, nalo lilipitia Kiarabu. Waridi limetoka katika Kiarabu. Rehani, jina la jani lenye harufu nzuri la mrehani, nalo ni la Kiarabu, na hapa wanafunzi wajihadhari: rehani ya kuweka mali dhamana ni neno jingine, lenye mzizi mwingine wa Kiarabu. Maneno hayo mawili yamekutana katika Kiswahili yakawa na umbo moja.

Je, kwa Waswahili wa pwani, asumini ni ua la watoto? La hasha. Asumini, waridi na rehani hufungwa pamoja kuwa kikuba, na anayevaa kikuba ni mwanamke mzima, hasa aliyeolewa, siku ya arusi au anapojipamba nyumbani kwake. Kwa hiyo mzazi wa pwani anayemwita mwanawe Asumini hafikirii udogo wa mtoto peke yake. Anamwombea ukubwa wenye hadhi na furaha. Kwa upande huu hoja ya shangazi inadhoofika.

Hata hivyo, historia ina upande wa pili, nao ni mchungu. Katika nchi nyingi za Kiislamu, watumwa walipewa majina ya maua, manukato na vito. Katika Dola ya Uthmaniya, wasichana walioingizwa katika nyumba za watawala walibadilishwa majina, na mengi kati ya majina mapya yalikuwa ya waridi, ambalo Waturuki huliita gül. Gülbahar, mama yake Sultani Bayezid II, ni mfano mmojawapo.

Mfano wa karibu zaidi tunao Zanzibar. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akitumia jina la Emily Ruete. Humo anamweleza mama yake, Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto baada ya wazazi wake kuuawa. Alifika nyumbani kwa Sayyid Said akiwa na umri wa miaka 7 au 8 hivi, kwani alianza kung'oka meno ya utoto akiwa humo. Jina lake linafanana na maneno ya Kituruki yenye maana ya mche wa waridi. Alikua pamoja na mabinti wa Sayyid, akajifunza kusoma, akawa mama, na akafa kwa kipindupindu mwaka 1859. Mche ulikwisha kuwa mti, lakini jina likabaki lile lile la mche.

Tazama tofauti ya majina hayo mawili. Binti anaitwa Salme binti Said. Mama anaitwa Jilfidan, basi. Jina la mtumwa lilikosa "binti" na "bin". Lilimwonyesha mtu kama pambo la nyumba, asiye na baba wala ukoo. Hapo ndipo jina zuri lilipomdunisha mtu mzima, na kosa halikuwa la ua.

Wapo waliobeba majina kama hayo wakayapa uzito mpya. Kafuri ni kitu cheupe chenye harufu, na Kafur lilikuwa jina la mtumwa mweusi aliyeshika hatamu za utawala wa Misri kuanzia mwaka 946 hadi 968. Malik Ambar, aliyezaliwa Ethiopia mwaka 1548 na kuuzwa utumwani, alikuwa na jina la ambari, manukato ya baharini. Hadi alipofariki mwaka 1626, majeshi ya Wamughali wa India yalilijua jina hilo kwa vita.

Wengine walipata jina jipya. Mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika karne ya 19, aliitwa Mtumwa. Baadaye akajulikana kama Siti, yaani bibi mheshimiwa. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Jina la kwanza lilibadilika, lakini "binti Saad" hakuliacha.

Hapa Uganda tunalo somo linalofanana na hilo. Jina la Nakimuli lina neno kimuli ndani yake, yaani ua kwa Kiganda, lakini hakuna anayelicheka kuwa la kitoto. Majina ya Kiganda ni mali ya koo. Mtoto analipokea likiwa limekwisha kuvaliwa na bibi waliomtangulia, na utu uzima umo ndani yake tangu siku ya kwanza. Akina Rose na Lily, majina yaliyoletwa pamoja na ubatizo, nao wamekwisha kuwa bibi zetu, wakayakomaza.

Sarufi yenyewe inaunga mkono jambo hili. Tunasema "waridi limechanua", lakini "Waridi amefika". Ua likishapewa mtu, huacha upatanisho wa LI-YA na kufuata A-WA. Halimvuti mtu kwenye ngeli ya maua. Mtu ndiye anayelivuta jina kwenye ngeli ya watu.

Basi jibu letu kwa mwanafunzi ni hili: mwiteni Asumini, lakini mpeni pamoja nalo jina la baba na la ukoo, na mweleze mapema maana yake na aliyelichagua. Shangazi naye asipuuzwe. Hofu yake ina mizizi katika historia ya watu walioitwa kwa majina matamu na wasiosikilizwa.

Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Walimu wanaweza kulitumia swali hili darasani: kila mwanafunzi aeleze jina lake limetoka lugha gani, nani alimpa, na kwa nini.