Uyoga wa Magogo Ng'ambo ya Mombasa: Historia ya Jina na Makao

Msamiati wa Kiswahili unaohusu miti ni mpana sana, na upana huo waonekana wazi katika pwani ya Mombasa. Mkoko, mkandaa, mchu, muia, mlilana na mkomafi ni miti ya maji ya chumvi, na kila mmoja una jina lake, tabia yake na kazi yake. Ukisha kukatwa, mti hupata jina la pili kwa kadiri ya unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yaliyochukua boriti kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi yalichukua pia maneno haya, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nchi za nje mwaka 1982. Walakini msemaji yule yule awezaye kutofautisha pau na mazio kwa kutazama tu, akiulizwa jina la kitu kilichoota juu ya gogo bovu nyuma ya nyumba, aghalabu atajibu kwa neno moja, uyoga. Na kitu hicho kikiwa kigumu kama ubao, pengine hata neno hilo ataona halifai.

Makala haya yanakusudia kuchunguza upungufu huo kwa kutazama upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, pande ambazo watu wa kisiwani wamezoea kuziita ng'ambo. Hoja yenyewe ni kwamba wasemaji hawakukosa maarifa ya uozo wa miti. Maarifa hayo yaliwekwa katika majina ya miti na katika vitenzi, na watunga kamusi waliotafuta nomino hawakuyaona.

Utungaji wa kamusi za Kimvita ulianza karibu sana na mahali panapozungumzwa hapa. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule mkewe Rosina alifariki, akazikwa ng'ambo, upande wa Kisauni. Mwaka 1846 Krapf na mwenziwe Rebmann walihamia Rabai, nyuma ya Changamwe, wakawa wanaishi kati ya wasemaji wa Kirabai huku wakiandika Kiswahili cha Mvita. Kamusi kubwa ya Krapf ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Baadaye Binns, aliyefanya kazi Rabai na katika kijiji cha watumwa walioachwa huru cha Freretown, huko Kisauni, aliipanga upya kamusi hiyo, nayo ikachapwa mwaka 1925. Hivyo kazi ya maneno ilifanyika katika ng'ambo yenyewe, penye misitu na mashamba, na ungetarajia msitu uingie katika kurasa zake kwa ukamilifu zaidi.

Mambo yaligeuka katika miaka iliyofuata. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba msingi wa Kiswahili sanifu uwe Kiunguja. Ni ajabu kidogo kwamba Kimvita kilinyimwa nafasi hiyo nyumbani kwake. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kamusi sanifu ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, ilijengwa juu ya kamusi ya Madan ya mwaka 1903, naye Madan alikuwa mtu wa Unguja. Kamusi hukopeshana vidahizo kama majirani wanavyokopeshana moto. Kidahizo kikisha kuandikwa kwa ufupi katika kamusi ya kwanza, huhama na ufupi wake hadi ya tatu na ya nne, wala hapana anayerudi msituni kukipima tena.

Miti ilipata watetezi. Sacleux, padre Mfaransa aliyetunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na hata jenasi moja ya mimea, Sacleuxia, imepewa jina lake. Greenway wa Amani alitunga kamusi nzima ya majina ya mimea, na toleo lake la pili lilichapwa Dar es Salaam mwaka 1940. Mwanafunzi akitaka kujua mbambakofi au mvule ni mti gani kwa wanasayansi, ana pa kutazama. Uyoga haukupata Greenway wake. Vitabu viwili vikubwa juu ya aina za uyoga wa Afrika Mashariki, kile cha Pegler cha mwaka 1977 na kile cha Ryvarden na Johansen cha mwaka 1980, viliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wataalamu, wakati kamusi sanifu ilikwisha kukaa mezani miaka arubaini.

Sasa yafaa maneno yenyewe yatazamwe. Kamusi za zamani zinatoa uyoga na kiyoga bega kwa bega. Kwa sarufi, uyoga umo katika ngeli ya u-, pamoja na unga, uji, udongo na ukungu, vitu ambavyo havihesabiki. Kiambishi ki- katika kiyoga ndicho kinachotenga kimoja kutoka katika wingi huo. Kwa hiyo lugha ilikwisha kutambua kwamba kiyoga kimoja kinachoonekana ni sehemu tu ya kitu kilichoenea. Utambuzi huo ni wa thamani, kama itakavyoonekana, na ni hasara kwamba umbo la kiyoga limeachwa lififie katika maandishi ya siku hizi.

Kando ya maneno hayo mawili yako mengine: kuvu, ukungu na koga. Kuvu huingia katika mkate na nguo, ukungu ni huo huo au ni umande wa angani, na koga ni uchafu wa kijani au weupe unaotanda juu ya vitu, hata juu ya meno. Wako wanaovutwa na mlio wa maneno haya kuunganisha uyoga na koga, au uyoga na kitenzi kuoga kwa sababu huota baada ya mvua. Miungano ya namna hii yapendeza masikioni lakini haina ushahidi, maana k na y hazibadilishani hivyo katika Kiswahili, na kitenzi oga hakina njia ya kuleta maana ya kitu kiotacho. Wala jina la Kiswahili halifanani na ya jirani wote. Waganda husema obutiko, Wachewa wa Malawi husema bowa. Wabantu hawana mzizi mmoja wa jambo hili ulioenea kote, na yaelekea kila eneo lilishika neno lililofaa vyakula vyake.

Upande wa vitenzi una utajiri zaidi. Mti huoza, huvunda, hubunguliwa, huchakaa. Kubunguliwa ni kazi ya wadudu, nao unga mkavu chini ya boriti ndio ushahidi wake. Kuoza ni kazi ya unyevu, na ndani ya neno hili moja sayansi imetenga njia mbili. Katika njia ya kwanza kuvu hula lignini, ile gundi inayoshikamanisha nyuzi za mti. Mti hubaki mweupe, mwororo, wa nyuzinyuzi. Katika njia ya pili kuvu hula selulosi na kuiacha lignini. Mti hugeuka hudhurungi na kupasuka vipande vya mraba kama makaa. Fundi wa majahazi au wa nyumba alijua matokeo yote mawili kwa kidole na kisu. Alijua kwamba mbambakofi wafaa milango, kwamba mtumbwi wa mwembe una umri mfupi. Orodha ya miti inayodumu na isiyodumu ni, kwa kweli, orodha ya meza za kuvu, ingawa mlaji mwenyewe hatajwi.

Mlaji huyo si mmea. Tangu Whittaker alipopanga viumbe katika himaya tano mwaka 1969, imekubaliwa kwamba kuvu wana himaya yao: hawatengenezi chakula kwa mwanga wa jua, na kuta za seli zao zina kitini, dutu ile ile iliyo katika gamba la mdudu. Mwili wake ni nyuzi nyembamba mno zinazopenya ndani ya mti kwa miezi au miaka bila ya kuonekana. Kinachotokea nje ya ganda baada ya mvua ni tunda lake tu. Kwa hiyo kueleza uyoga kuwa ni mmea mdogo mfano wa mwavuli ni kukosea mara mbili, kwanza kwa himaya, pili kwa umbo, maana aina nyingi za magogoni hazina mwavuli wala shina.

Mfano ulio bora ni ule ambao wanasayansi wanauita Schizophyllum commune, jina alilolitoa Fries wa Sweden mwaka 1815. Unapatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika, na katika joto la pwani huota juu ya magogo na matawi yaliyokatwa, hasa yale yaliyoachwa juani. Ni mdogo, aghalabu kati ya sentimita 1 na 4, una umbo la kipepeo cha mkono, hauna shina la kusemwa, na juu yake una manyoya meupe au ya kijivu. Anayetaka kuutambua aupindue. Chini yake pana kurasa nyembamba zinazotoka penye kikonyo na kutawanyika hadi ukingoni, na kila ukurasa umepasuka kwa urefu wake kama uliochanwa kwa wembe. Wakati wa ukame nusu mbili za kila ukurasa hujikunja kila moja upande wake na kuficha mbegu. Mvua inyeshapo hufunguka. Uwezo huu ni wa kustaajabisha. Vielelezo vilivyokaushwa na kufungiwa na Buller, aliyefundisha Winnipeg huko Kanada, vilipotiwa maji baada ya miaka zaidi ya 50 viliamka na kuanza tena kutoa mbegu.

Wa pili kwa urahisi wa kutambulika ni Pycnoporus sanguineus, ambao Linnaeus aliuandika mwaka 1763. Ni bapa, mgumu, mwekundu wa kuelekea rangi ya chungwa, na chini yake hauna kurasa bali vitundu vidogo sana. Nao ni wa magogo makavu yapigwayo na jua. Jamaa ya Ganoderma ni tofauti na hao wawili: hukaa chini ya shina, hata la mti ulio hai, huwa na gamba linalong'aa kama lililopakwa vanishi, na mbegu zake ni vumbi la hudhurungi. Ajabu ya mwisho ni Termitomyces, jina la Heim la mwaka 1942. Huu huchipuka katika udongo, na mtazamaji angeapa kwamba hauhusiani na miti. Kumbe umepandwa na mchwa katika mashamba yao ya chini ya ardhi, juu ya mabaki ya miti waliyoyatafuna. Basi mahali pa kuota hapatoshi kuutambua uyoga. Lazima ijulikane unakula nini, na nani aliyekileta chakula hicho.

Kwa sababu hiyo makao ya ng'ambo yana umuhimu wa pekee kwa mtafiti wa lugha. Upande wa Likoni kuna Kaya Shonda ya Wadigo. Katika kaya za Wamijikenda wazee walikataza ukataji wa miti, na ndiyo sababu mti mkubwa uliweza kuzeeka, kuanguka na kuoza mahali pake. Baadhi ya kaya hizo ziliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008. Katika Changamwe reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, kisha viwanda na nyumba, viliubana msitu, na gogo linaloanguka hukimbiliwa na mwenye jiko kabla kuvu haijalifikia.

Kisauni ina jambo lisilo na mfano wake. Katika machimbo ya saruji ya Bamburi, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe, Rene Haller alianza kupanda miti mwaka 1971. Alijaribu aina 26, zikashika tatu, na mvinje ndio uliotawala. Kwanza majani yake yalilala chini bila ya kuoza, mpaka jongoo walipoletwa wakayatafuna, na udongo ukaanza kufanyika. Hapa basi pana msitu ambao mwaka wa kuzaliwa kwake unajulikana. Hakuna kisiki wala gogo lililooza ndani yake lililo na umri kuushinda, na kila uyoga ulioota humo ulifika baada ya mwaka huo, kwa upepo, kwa udongo au kwa mguu wa kiumbe. Mtafiti wa majina angepata swali zuri kwa wafanyakazi wa hapo, wengi wao wakiwa watu waliotoka sehemu mbalimbali: kitu kigeni kilipotokea juu ya gogo la mvinje, kiliitwaje, na kwa lugha ya nani?

Katika miongo ya karibuni istilahi za shule zimelichukua neno kuvu kutaja himaya nzima, na wauguzi wamelishika fangasi kwa ugonjwa wa ngozi. Uteuzi wa kuvu ni mzuri kuliko walioufanya walivyotambua pengine, kwa kuwa neno hilo tangu zamani lilitaja kile kinachoingia na kutanda ndani ya kitu. Linalobaki ni kurudisha uhusiano: kuvu iwe mwili ulio ndani ya gogo, uyoga uwe tunda, na kiyoga kiwe tunda moja. Kidahizo cha namna hiyo kingemtoa mwanafunzi katika mwavuli na mmea bila ya kuunda neno jipya hata moja. Ama majina ya aina mojamoja, yakusanywe kwa kadi inayotaja kwanza mti: uyoga wa mwembe, wa mvinje, wa mnazi, uliokatwa au ulio hai, juani au kivulini, unaoliwa au usioliwa, na nani asemaye hivyo. Jambo la kuliwa halivumilii uzembe, maana aina moja iliyoandikwa kwa jina la nyingine inaweza kuua. Na kadi hiyo ijazwe kwa Kidigo na Kirabai kabla ya Kimvita, wakati wazee wa kaya wangalipo wa kuulizwa.