Boliti ya Babu

Wiki mbili za likizo yangu Mwanza nilikoseshwa usingizi na kipande cha chuma kifupi kuliko kidole gumba. Boliti. Ilikatikia ndani ya injini ya pikipiki ya marehemu Babu, BSA Bantam, spana nimeishika mimi mwenyewe. Nilisikia "tak", mkono ukawa mwepesi, nikajua nimekwisha.

Usicheke kwanza. Boliti ilikuwa kwenye kesi ya injini, na kwenye kesi hiyohiyo ndiko ilikogongwa namba ya injini, ileile iliyoandikwa kwenye kadi yenye jina la Babu. Ukiipasua unaweza kuagiza nyingine Uingereza, lakini itakuja na namba ya watu wengine. Pikipiki itawaka, ila kwenye makaratasi haitakuwa ya Babu tena.

Fundi wa kwanza, kijana wa Mlango Mmoja, bingwa wa Boxer na TVS, alitazama mara moja: "Bro, hii tunaipiga drili tu." Nikashukuru, nikasukuma pikipiki yangu. Drili hupenda njia laini. Boliti ni chuma kigumu, kesi ni aluminiamu. Ncha ikiteleza kidogo, imekula kesi.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Nyakato. Shikamoo, marahaba, akakaa kwenye ndoo akaitazama injini muda mrefu bila kuigusa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Hii boliti aliiweka nani?"

Ili kumjibu ilibidi nirudi mbali kidogo. Bantam si Mwingereza wa kuzaliwa. Asili yake ni DKW RT 125, pikipiki ya Kijerumani iliyotoka Zschopau mwaka 1939. Vita Kuu ya Pili ilipoisha mwaka 1945, michoro yake ilichukuliwa kama fidia ya vita. BSA wa Birmingham, kampuni iliyoanza kwa kutengeneza bunduki (nembo yao ni bunduki tatu!), waliigeuza michoro kama mtu anayejitazama kwenye kioo ili kanyagio la gia lije kulia kama Waingereza walivyozoea, wakatoa milimita wakaweka inchi, na mwaka 1948 wakaiuza kwa jina la Bantam. Wasovieti walitengeneza ya kwao kutoka pikipiki hiyohiyo, Harley-Davidson nao hivyohivyo. Na pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata mfano huohuo. Yaani Yamaha na Bantam ni ndugu wa baba mmoja. Mmoja anahesabu kwa milimita, mwingine kwa inchi.

Usukumani Bantam ya Babu ililetwa na pamba. Alikuwa katibu wa chama cha msingi upande wa Magu, chini ya ule muungano wa vyama vya ushirika, Victoria Federation, ulioundwa mwaka 1955 enzi za kina Paul Bomani. Katibu alipaswa kuonekana kwenye mizani kijiji hiki asubuhi, kile jioni. Halafu mambo yakageuka. BSA waliacha kutengeneza Bantam mwaka 1971. Vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ikakausha fedha za kigeni zilizokuwa zimebaki, na walio na umri wa wazazi wetu watakusimulia foleni za sabuni. Kama sabuni ilikuwa hivyo, sembuse boliti ya inchi?

Nikampigia baba. Hakufikiri hata sekunde mbili. "Ile? Tuliitoa kwenye Honda mbovu, mwaka 1982. Babu yako aliikaza kwa bomba."

Mzee aliposikia alitikisa kichwa kama daktari aliyepata majibu ya maabara. Tundu lilikuwa la 5/16 ya inchi, yaani milimita 7.94. Boliti ya Honda ni ya milimita 8. Kwa macho huoni tofauti. Lakini kwa unene huo Waingereza walikuwa na tredi za aina tatu: 18, 22 au 26 katika kila inchi moja. Ya Honda ina kama 20. Haioani na hata moja! Inaingia mizunguko miwili mitatu kwa hiari, kisha inagoma. Ukiongeza bomba kwenye spana, aluminiamu inachanika na kuipisha. Ongeza miaka arobaini ya unyevu wa ziwa, chuma na aluminiamu vinalana, unga mweupe unajaa katikati na kukaza kuliko gundi.

Nilijifanya mjuaji, nikamuuliza kuhusu jiwe la shabu, lile la kusafishia maji. Niliwahi kusoma kwamba mafundi saa wa zamani walichemsha maji ya shabu yakala skrubu ya chuma iliyokatikia ndani, shaba ikabaki salama. Mzee akacheka. "Na beringi zilizomo humu, mjukuu wangu, nazo utazichemsha?"

Alitia mafuta ya taa siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya nne akaweka nati juu ya kisiki cha boliti, akachomelea katikati yake, akaacha moto usambae. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu lilifunguka kidogo. Akashika spana. Robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, mafuta, tena nyuma. Ikalia kama mlango wa ghala. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani.

Ilitoka na nyuzi za aluminiamu zimening'inia. Mzee akailaza kando ya boliti mpya ya Honda, meno yakakumbatiana, hakuna mwanga uliopita katikati.

Tundu lilikuwa limeharibika, ikabidi alitanue na kukereza bushi ya kuweka humo. "Ndani nikate tredi gani?" akaniuliza. "Ya Mwingereza au ya Honda?"

Ya Mwingereza ndiyo halali yake. Ya Honda inapatikana kila duka la spea mjini. Nilikaa kama dakika tano nikitazama ile namba ya injini, nikamwambia ya Honda.

Akakata, akapuliza vumbi, kisha akachukua msumari na kuchora pembeni ya tundu, kwa herufi ndogo: 8 mm.