Kabla Hujaziba EGR ya Lori Lako, Sikia Habari za Wapagazi wa Tabora

Kuna ubishi hauishi kwenye gereji za malori. Jamaa kanunua lori la mtumba kutoka Ulaya, limetembea sana, na taa ya injini inawaka kila safari ya Tabora. Fundi anamwambia, "Bosi, tuzibe EGR, tung'oe na masega, litavuta kama jipya." Jina lake tunaliacha, maana stori hii ni ya wengi.

Turudi nyuma. Kipalapala, ambayo wengi mnaijua kwa seminari, iko maeneo ya Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Enzi hizo lori lilikuwa bega la Mnyamwezi. Mpagazi alibeba kilo 30 na ushee, miezi miwili mitatu kutoka pwani. Wakizidishiwa mzigo waliutua chini wakagoma, au walitoroka usiku. Yaani kipimo cha mzigo alikuwa na sauti nacho yule anayeubeba. Hiyo naipenda sana.

Reli ikafika Tabora mwaka 1912, ikaua kazi ile. Malori yakafuata, moshi unatoka tu bila kuulizwa.

Ulaya ikaanza viwango vya Euro kwa malori mwaka 1992. Vilivyofuata vikaleta EGR, vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye silinda ili moto upoe na gesi chafu za nitrojeni zipungue, na kwenye malori mengine masega na tenki la AdBlue. Mafundi waliokulia kwenye pampu za zamani waliona ni takataka. Tuwe wakweli, hoja walikuwa nayo: dizeli yetu ilijaa salfa, na salfa inachosha vifaa hivi. Lakini Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi miligramu 50 kwa kilo. Hoja imepoa.

Ukiziba, masizi yanapungua kwenye injini, kweli. Ila kompyuta inabana nguvu mpaka nayo idanganywe, na ikishadanganywa haikuambii tena ugonjwa wa kweli. Halafu moshi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa WHO waliutangaza moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani ya mapafu. Wanaouvuta ni utingo wako na mama muuza asali kando ya barabara. Hao hawakuulizwa wanaweza kubeba kilo ngapi.

Mimi nasema fungua, usizibe. Vali nyingi zinazodaiwa kufa zimejaa masizi tu, zinasafishika. Maji yakipungua na huoni yanapovujia, mkague kipoza cha EGR. Na AdBlue ni urea, sawa, ila usije ukakoroga mbolea ya shambani ukamimina. Uchafu wake unaua masega, na bei ya masega utaijua mwenyewe.