Nguvu na mbio: Jinsi ya kuudhibiti uchovu wa neva na misuli

Mwanariadha anayenyanyua vyuma asubuhi na kukimbia kilomita nyingi jioni hudhani kwamba anavuna mara mbili. Huenda akavuna, lakini asipoipanga ratiba yake vyema, zoezi moja litalidhoofisha jingine.

Mtafiti Robert Hickson wa Marekani alilidhihirisha jambo hili mwaka wa 1980. Kwa wiki 10 alilinganisha makundi matatu: la mazoezi ya nguvu pekee, la mbio na baiskeli pekee, na lililofanya yote. Nguvu za kundi hili la mwisho ziliongezeka kwa takriban wiki 7, zikakwama, kisha zikapungua. Stamina yake, hata hivyo, haikuathirika.

Chanzo kimojawapo ni uchovu wa neva na misuli, yaani misuli kushindwa kutoa nguvu zake za kawaida. Uchovu huu hutokea kwa njia mbili. Ubongo na uti wa mgongo hupunguza amri zinazotumwa kwa misuli. Nayo misuli hushindwa kuitikia ipasavyo kwa sababu akiba yake ya nishati imepungua na nyuzi zake zimepata majeraha madogo madogo. Baada ya zoezi zito la miguu, nguvu zinaweza kuchukua siku moja au zaidi kurejea, hata kama mhusika hasikii maumivu.

Dawa si kuacha vyuma. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa uzani mzito humsaidia mkimbiaji wa masafa marefu kutumia nishati kidogo kwa kasi ile ile. Muhimu ni mpangilio.

Tenganisha mazoezi hayo kwa angalau saa 6, au siku nzima yakihusu miguu. Ukilazimika kuyafanya kwa kikao kimoja, anza na lile unalolipa kipaumbele. Kwa mkimbiaji, vikao 2 vya vyuma kwa wiki hutosha, navyo viwekwe jioni ya siku ya mbio kali ili siku ya mapumziko isivurugwe. Usinyanyue hadi ushindwe kabisa. Kula wanga na protini, na ulale vya kutosha.

Mwisho, jipime. Kila asubuhi, baada ya kupasha mwili joto, ruka wima kando ya ukuta na utie alama ya chaki unapofika. Alama ikishuka kwa siku kadhaa mfululizo, punguza mzigo. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.