Pijo na Warithi Wake

Mashindano ya East African Safari ya mwaka 1963 yalianza na magari 84. Mvua ya masika ilikuwa imezigeuza barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika kuwa tope tupu, na siku zile za Pasaka hazikumhurumia dereva yeyote. Magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba. La kwanza kati ya hayo lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 mvua ikarudi kwa hasira ileile: yakaondoka magari 93, yakamaliza saba, na washindi wakawa Nowicki na Cliff tena, ndani ya 404 tena. Kati ya ushindi huo wa mara mbili, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania na mwenzake Chris Rothwell walikuwa wamenyakua kombe mara mbili mfululizo. Nao waliendesha 404.

Hakuna tangazo la biashara ambalo lingejenga jina namna hiyo. Mwenye duka wa Nakuru na mkulima wa kahawa wa Kiambu hawakuhitaji kusoma jarida la magari ili kujua wanunue nini. Walisimama kando ya barabara, wakaona gari lipi limepita na lipi limebaki mtaroni. Peugeot, au Pijo kama lilivyozoeleka midomoni, likaingia katika orodha ya vitu ambavyo mtu hununua mara moja na kukaa navyo.

Safari ya mwaka 1965 ilitoa funzo jingine. Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda wakiwa na Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya: lilikuwa gari la mashindano lililokwisha kutumika, wakalinunua likiwa limeshaonja mashimo. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Kwa watu wa gereji za Nairobi, ushindi ule ulithibitisha walichokuwa wakikisema kila siku, kwamba umri wa gari hautoshi kulihukumu kama hujajua nani analishikia spana.

Peugeot 504 lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Afrika ikalipokea kwa sababu nyingine kabisa. Toleo la steshenwagoni lilikuwa refu kuliko saluni, likiwa na springi nne za koili nyuma, mbili kila upande, na katika muundo wa kifamilia lilipangwa safu tatu za viti. Pikapu yake ilibeba maziwa, kabichi, mabati na mbuzi. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Kenya iliamua kwamba magari yaunganishwe nchini, na viwanda vitatu vikajengwa: Thika, Nairobi na Mombasa. Pijo zikaanza kuunganishwa Mombasa kutokana na vipande vilivyofika vikiwa kwenye makasha, huku betri, matairi na rangi vikitafutwa humuhumu nchini. Hadi kazi hiyo ilipokoma mwaka 2004, zaidi ya magari 27,000 ya 504 yalikuwa yametoka Kenya.

Wengi hawakuwahi kumiliki hata moja, lakini walizipanda. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zilizokuwa zikiwabana wenye magari madogo, na usafiri wa watu ukafunguka. Kwa safari ndefu, kutoka mitaa ya River Road na Accra Road jijini Nairobi kwenda Nakuru, Kisumu au Mombasa, Pijo la safu tatu lilikuwa chaguo la mtu mwenye haraka na pesa kidogo zaidi ya nauli ya basi. Liliondoka likijaa. Aliyewahi alikaa mbele. Aliyechelewa alikunjwa safu ya nyuma, magoti kifuani, mizigo ikiwa imefungwa kwenye keria juu ya kichwa chake.

Gari la kazi hiyo halikupumzika. Lililala Kisumu, likaamkia Nairobi, na baada ya miaka michache hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika limekwenda kilomita ngapi. Mita za magari mengi ya enzi hizo zilikuwa na tarakimu tano. Zikifika 99,999 zinaanza upya kwenye sifuri. Kwa hiyo mnunuzi mjanja hakuisumbukia mita. Aliangalia mpira wa pedali ya klachi umelika kiasi gani, akapapasa usukani kuona kama umeng'aa kwa viganja, akamwomba mtu akanyage mafuta huku yeye amesimama nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi wa buluu ulimaanisha injini inakula oili, na kula oili kulimaanisha ovahoo iko njiani.

Hapo ndipo Pijo lilipojipatia miaka mingi ya ziada. Katika injini nyingi, silinda zikishalika, bloku hupelekwa kwa wachongaji ikatanuliwe kwa mashine, kisha zitafutwe pistoni kubwa zaidi. Injini ya petroli ya 404 na 504 haikuhitaji safari hiyo. Silinda zake ni laina nne zinazosimama ndani ya bloku zikizungukwa na maji. Fundi alifungua silinda hedi, akatoa sampu, akazigonga laina kutoka chini kwa kipande cha mti hadi zikachomoka. Akakwangua kutu kwenye vikalio, akaweka sili mpya, akadidimiza laina mpya zilizokuja katika boksi moja na pistoni na ringi zake. Kabla ya kufunika, alilaza rula juu ya bloku kuhakikisha kila laina imechomoza kidogo kuliko uso wa chuma. Laina isiyochomoza haibanwi na gasketi, na gasketi isiyobana huruhusu maji kuingia kwenye oili, nayo oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Kazi yote ilifanyika chini ya mwembe kwa boksi la spana na mikono miwili, na gari likaanza maisha mengine.

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa joto. Silinda hedi ilikuwa ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto kupita kiasi hupinda. Ndiyo maana dereva wa Pijo kuukuu alisafiri na dumu la maji kwenye buti na jicho moja kwenye geji ya joto, hasa kwenye mlima wa kutoka Bonde la Ufa. Alijua milima ambayo lazima apande taratibu. Alijua pia mteremko ulio karibu na nyumbani kwake, akaegesha hapo kila jioni ili betri ikigoma asubuhi gari lijisukume lenyewe. Bushi zilipolegea usukani ulicheza, naye akazoea kuanza kukata kona mapema. Abiria hawakuyajua hayo yote. Wao walijua tu kwamba mlango wa kulia nyuma unafunguliwa kutoka nje.

Kumtazama mwenye gari huyo kama mtu aliyelipenda Pijo kupita kiasi ni kumwonea. Hakuwa na la kubadilisha. Gari jipya liliuzwa kwa bei ya kiwanja, na kuagiza kutoka nje kulihitaji leseni pamoja na fedha za kigeni ambazo serikali iligawa kwa kipimo. Tanzania hali ilibana zaidi. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, vipuri vikawa vya kutafutwa kwa tochi, na kuna kipindi magari ya binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Fundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Grogan Road jijini Nairobi, ambayo leo ni Kirinyaga Road, alilifufua gari kwa sababu sera za nchi hazikutoa njia nyingine. Sera zilipobadilika, ndipo umri wa gari nao ulipobadilika.

Zilianza kubadilika Tanzania mwaka 1984, watu waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezitoa wapi. Kenya iliondoa leseni za uagizaji mwaka 1993. Na upande wa pili wa bahari palikuwa na nchi iliyokuwa ikitafuta pa kupeleka magari yake. Japani huendesha kushoto, usukani uko kulia, sawasawa na Afrika Mashariki. Sheria yake hulitaka gari jipya la binafsi likaguliwe baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo humfanya mwenye gari zima kabisa aone ni heri aliuze. Gari lililochokwa Yokohama likashuka Mombasa au Dar es Salaam likiwa na redio inayoongea Kijapani, kipupwe kinachofanya kazi, na injini ambayo haijawahi kufunguliwa.

Wapenzi wa Safari walikuwa wameiona ishara mapema. Datsun ilishinda mwaka 1970, 1971 na 1973. Joginder Singh mwenyewe alirudi na Mitsubishi Lancer, akashinda mwaka 1974 na 1976. Peugeot 504 lilijibu kwa kushinda mwaka 1975 na 1978, lakini kuanzia 1979 Shekhar Mehta akashinda miaka minne mfululizo akiwa na Datsun, na kuanzia 1984 ikaja zamu ya Toyota.

Barabarani mabadiliko yalikuja kwa awamu. Kwanza zilifika basi ndogo za Hiace na Nissan. Zilibeba watu wengi kuliko Pijo, na abiria wake aliweza kushuka bila kuwaamsha wenzake wote. Kisha zikaja saluni za Corolla na Carina, na mwalimu aliyekuwa akihesabu miaka kumi kabla ya kununua gari akalipata kwa mkopo wa sacco. Pigo lililolikuta Pijo gereji lilikuwa jingine: injini za mtumba. Zilitoka Japani, nyingine zikipitia Dubai, zikiwa nzima na giaboksi zake. Fundi hakuhitaji tena kushinda siku tatu akipima laina kwa rula. Aliing'oa injini mbovu asubuhi, akapachika nyingine, na jioni gari likaondoka. Kwa Toyota injini hizo zilijaa maduka. Za Pijo hazikuwepo kwenye makontena hayo, na bei ya boksi la laina na pistoni ikazidi kupanda kadiri wauzaji wake walivyopungua.

Hapo hesabu ya mwenye gari ikageuka. Zamani aliuliza kutengeneza kutamgharimu kiasi gani. Sasa aliuliza akiongeza kiasi gani juu ya pesa za kutengeneza atapata gari jingine.

Tarehe 1 Februari 2004 Kenya ilianza kutekeleza kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama kwa kila abiria, mstari wa njano ubavuni. Kufunga vifaa hivyo kwenye gari la miaka ishirini kulimlazimisha mwenyewe atoe kalamu na kupiga hesabu, na wengi walipomaliza waliliegesha. Mwaka huohuo uunganishaji wa 504 ulikoma. Pikapu ziliendelea kuonekana mashambani kwa miaka mingi baadaye. Zilizochoka kabisa zilichinjwa: milango iliuzwa peke yake, matairi yakawa ndala za akala, springi zikaenda kwa wahunzi wa jua kali, na kilichobaki kikapimwa kwa kilo.

Uzee wenyewe sasa ukaandikiwa sheria. Kenya, kwa kiwango cha KS 1515:2000 cha shirika la viwango KEBS, hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza; mwaka 2024 lililokubaliwa lilikuwa la 2017 na kuendelea. Tanzania haikufunga mlango, ila iliwaongezea ushuru wenye kuleta magari makuukuu. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku yaliyozidi miaka kumi na mitano. Mtaani umri husomwa kwenye namba. Mkenya akiona KAA anajua gari liliandikishwa kuanzia 1989, na KDA humwambia ni la 2020 au baadaye. Mtanzania akiuza gari husema ni namba C au namba D kabla ya kutaja rangi. Herufi hizo husema gari liliingia nchini lini. Lilizunguka kiasi gani kabla ya kupanda meli ni suala jingine, na kurudisha mita nyuma kumekuwa kosa la kibiashara ambalo wakaguzi wa bandarini Japani hulipwa kulinasa.

Aliyerithi kazi ya Pijo hasa ni Toyota Probox. Ilizinduliwa Japani mwaka 2002 kama gari la mauzo na mizigo ya ofisini, haina urembo wowote, na ilipofika Kenya ikiwa mtumba ikapelekwa moja kwa moja kwenye njia za vijijini. Inabeba watu watano kwa kitabu na tisa au kumi kwa desturi, mmoja akiwa amekaa upande wa dereva kwenye kiti kimoja naye. Asubuhi imebeba mirungi au maziwa, mchana wanafunzi, jioni magunia. Zile za kwanza zilizoingia sasa mita zake zinasoma kilomita laki tatu na laki nne, na mafundi wake wanajua kwa kusikia tu kama kelele ni ya bushi au ya shokabu.

Mwishoni mwa 2018 Toyota ilianza kuuza Japani Probox la haibridi. Magari hayo nayo yanaweza kupanda meli kuja Mombasa kabla ya kupita miaka minane, yakiwa na betri kubwa ambayo haigongwi kwa kipande cha mti. Baadhi ya vijana wa gereji za Nairobi tayari wanatembea na kompyuta ndogo ya kusoma makosa ya injini, na wanaofungua betri za haibridi, wakapima seli moja moja na kubadilisha zilizokufa pekee, wameshapata wateja wao wa kudumu.