Swali la mbunge na shaba ya Kolwezi: miaka zaidi ya mia moja ya kuuliza na kungoja jibu

Kwa jamaa nyingi za Kolwezi zilizohamishwa kwa sababu ya machimbo, maneno yanayorudi kinywani ni maswali. Nani alitia sahihi? Nani alihesabu nyumba? Feza za malipo zilipita wapi? Mara nyingi maswali hayo yanaishia katika kikao cha mtaa, ama mbele ya lango la kampuni. Lakini sheria ya inchi imeweka njia ya kuyafikisha mezani pa waziri ama gavana na kumtaka ajibu. Njia hiyo ni swali la mbunge.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 138, inawapa wabunge na maseneta njia tano za kuangalia kazi ya serikali, makampuni ya taifa na idara zake: swali la mdomo ama la maandishi, swali juu ya jambo la wakati huo, kumwita waziri kujieleza, tume ya uchunguzi, na kusikilizwa mbele ya kamati. Ndogo kati ya hizo ni swali la maandishi. Halifuatwi na kura na halimwondoi waziri kitini. Lakini linaacha karatasi yenye tarehe, jina la aliyeuliza na jina la aliyepaswa kujibu. Historia ya ukanda wa shaba inaonyesha kwa nini karatasi hiyo ni ya maana.

Maswali yaliyoulizwa mbali

Toka mwaka 1885 Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Léopold II, na wakaaji wake hawakuwa na bunge la kuuliza lolote. Maswali mazito yakaanza kutoka inchi ya mbali. Tarehe 20 Mei 1903 bunge la Uingereza lilijadili mateso ya watu wa Kongo na kupitisha azimio. Kisha serikali ya London ikamtuma konsuli wake Roger Casement, aliyekuwa na ofisi Boma, asafiri ndani ya inchi na kuandika aliyoyaona. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Huko Brussels, msoshalisti Émile Vandervelde naye aliwahoji mawaziri juu ya Kongo bungeni. Mwaka 1908 Léopold akalazimika kuiachia Ubelgiji koloni lake.

Sheria ya ukoloni ya 18 Oktoba 1908 ilimweka waziri wa makoloni chini ya macho ya bunge la Ubelgiji, na kila mwaka serikali ilipaswa kuleta ripoti juu ya utawala wa Kongo. Ilikuwa hatua, lakini Mkongomani hakuwa na kura wala kiti katika bunge hilo. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliendelea kuchimba shaba. Desemba 1941 wafanyakazi wake waligoma Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mshahara. Askari wakafyatua risasi na kuua makumi ya watu. Wajane hawakuwa na mbunge wao wa kuuliza nani alitoa amri.

Barua ya watu kumi na watatu

Bunge la kwanza la Kongo huru lilichaguliwa Mei 1960, na wabunge 137. Halikupata nafasi ya kufanya kazi yake kwa utulivu. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza Katanga kujitenga, na tangu siku hiyo shaba ikawa jambo la vita kuliko la bunge. Novemba 1965 Mobutu alichukua utawala. Mwanzoni mwa mwaka 1967 mali ya Union Minière ikapita mikononi mwa kampuni ya taifa, ile iliyokuja kujulikana kama Gécamines. Chini ya chama kimoja cha MPR, mbunge alitakiwa kupiga makofi zaidi kuliko kuuliza.

Mlango ulifunguka kidogo kisha uchaguzi wa mwaka 1977. Ilikuwa kipindi kigumu: vita vya Shaba viwili, kile cha 1977 na kile cha 1978 kilichoingia mpaka ndani ya muji wa Kolwezi, na deni la inchi lililokuwa likipanda. Wabunge wakaanza kuwaita mawaziri na kuwauliza juu ya matumizi ya feza ya taifa. Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1980 Mobutu aliipunguza sana haki hiyo ya kuhoji. Tarehe 1 Novemba mwaka huo wabunge 13 wakamwandikia barua ndefu ya wazi, wakimuuliza juu ya utawala wake na juu ya mali ya inchi. Kati yao walikuwamo Étienne Tshisekedi na mtu wa Katanga, Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Walifungwa na kunyang'anywa viti vyao. Mwaka 1982 baadhi yao walianzisha chama cha UDPS.

Miaka kumi na mmoja baada ya barua ile, Kyungu alikuwa gavana wa Katanga. Katika utawala wake, kati ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa jimboni. Kolwezi iliguswa sana kuanzia Machi 1993: jamaa zilizokaa hapa vizazi viwili ama vitatu zililala kwenye kituo cha gari-moshi, zikingoja behewa la kuelekea Kasai. Aliyefungwa kwa kuuliza alikuwa sasa mtu wa kuulizwa. Ndiyo sababu haki ya kuuliza haiwezi kutegemea ushujaa wa mtu mmoja. Inapaswa kukaa ndani ya sheria, ili iendelee kufanya kazi hata aliyekuwa akiuliza jana anapokalia kiti cha mkubwa leo.

Ripoti iliyowekwa kando

Kufikia wakati huo Gécamines ilikuwa imeanguka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya udongo wa Kamoto iliporomoka. Uzalishaji wa shaba, uliopita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka mpaka karibu tani 30,000 katikati ya miaka ya 1990. Vikafuata vita vya 1996 na 1998, na mikataba ya machimbo ikatiwa sahihi wakati hakuna bunge lililochaguliwa. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa hiari, uliolipwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wengi wao walikuwa baba za jamaa za Kolwezi na Likasi, na madai yao juu ya malipo yaliendelea miaka mingi.

Mazungumzo ya Sun City yalikuwa yamekubali kwamba mikataba ya wakati wa vita ichunguzwe. Bunge la mpito likaunda tume maalumu, ikiongozwa na mbunge Christophe Lutundula. Tume ilimaliza ripoti yake mwaka 2005. Ilishauri mikataba mingi ifutwe ama ijadiliwe upya, na kwamba mikataba mipya isimamishwe mpaka uchaguzi upite.

Lakini ripoti haikusomwa bungeni. Ilikaa katika ofisi ya bunge mpaka mwanzo wa 2006, ndipo wabunge wakagawiwa, na haikujadiliwa. Mwaka huohuo wa 2005, migodi mikubwa ya Kolwezi, Kamoto na KOV, iliingizwa katika ubia na makampuni ya nje kwa idhini ya amri ya Rais. Swali lilikuwa limeulizwa na jibu lilikuwa limeandikwa, lakini lilifika kwa watu wakati shaba imekwisha kupewa wengine.

Ripoti hiyo hata hivyo haikupotea bure. Mwaka 2007 serikali iliunda tume ya kupitia upya mikataba, na hesabu ya mikataba iliyochunguzwa ilipita 60. Mwaka 2009 Seneti nayo ilitoa ripoti ya uchunguzi juu ya machimbo, chini ya Seneta David Mutamba Dibwe.

Mkataba wa Wachina ulipita njia hiyohiyo. Ulitiwa sahihi Aprili 2008 kwa dola bilioni 9, na ndio uliozaa kampuni ya Sicomines hapa Kolwezi. Mwezi uliofuata waziri Pierre Lumbi aliueleza mbele ya bunge, na wabunge wa upinzani walitoka nje ya kikao. Mwaka 2009, kwa shinikizo la Shirika la Feza la Kimataifa, mkataba ulipunguzwa mpaka karibu dola bilioni 6. Februari 2023 ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Feza, IGF, ilirudisha swali lilelile: Kongo imepata nini katika mkataba huu? Machi 2024 ukajadiliwa upya, na ahadi ya barabara na majengo ikapanda mpaka dola bilioni 7.

Swali lililofuta kodi

Kuna mfano ambao kila mwenye simu anaukumbuka. Toka Septemba 2020 vocha za watu zilikatwa kwa jina la RAM, kodi ya kuandikisha simu. Mwaka 2021 mbunge Claude Misare alimuuliza swali la mdomo waziri wa posta na simu, Augustin Kibassa Maliba: feza zinakusanywa kwa sheria gani, na zinaenda wapi? Majibu hayakuwaridhisha wabunge, na hasira ikaenea mitaani mpaka ndani ya bunge lenyewe. Mwanzoni mwa 2022 RAM ilifutwa. Swali lile lilishika kwa sababu lilikuwa fupi, lilitaja jambo moja, na kila mwananchi aliweza kulirudia.

Maswali yanayongoja Lualaba

Toka 2015 Lualaba ni jimbo lenye bunge lake. Sheria ya 31 Julai 2008 juu ya utawala wa majimbo inawapa wabunge wa jimbo haki ya kuwauliza gavana na mawaziri wake. Mambo ya kuuliza hayakosekani.

Sheria ya machimbo ya 9 Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ama utemi wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Basi wakaaji wa Dilala na Manika wana haki ya kujua komini zao zilipokea ngapi, na feza hizo zilijenga nini.

Kasulo, jamaa karibu 600 zilihamishwa mwaka 2017 ili eneo lao liwe mahali pa kuchimba kobalti. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka KOV na kuua wachimbaji 43. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa nguvu, pamoja na wale wa Cité Gécamines. Kwa kila jambo kati ya haya kuna idara iliyotoa kibali, tume iliyohesabu nyumba, na afisa aliyeweka sahihi.

Mbunge hawezi kuuliza asichokijua. Historia ya maswali yaliyoshika inaonyesha kwamba yalitaja mahali, tarehe na karatasi. Jamaa yenye nakala ya fishi ya kuhesabiwa, picha ya nyumba kabla haijabomolewa na risiti ya malipo inampa mbunge wake swali ambalo waziri hawezi kulikimbia kwa maneno ya jumla. Mbunge akikataa, kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, akiwa peke yake ama na wenzake, haki ya kuiandikia serikali ombi, na mkubwa anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu.

Wajane wa 1941 hawakuwa na wa kumwandikia, na wafanyakazi walioondoka Gécamines walikuwa wangali wakidai wakati ripoti ya Lutundula ilipofungiwa. Jamaa za leo zina mbunge wa taifa, seneta, mbunge wa jimbo, na kifungu cha 27. Nakala moja ya barua ibaki nyumbani, yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa: miezi mitatu inahesabiwa kuanzia hapo.