Klabu Iliyokuwa na Mabawa: Habari za Yokohama Flügels

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu, kurasa nyingi zimejaa habari za mizani, maghala, mikopo na bei za mazao, na ndivyo ipasavyo. Walakini Wanachama wetu hawaishi kwa mazao peke yake. Karibu kila Chama cha Msingi kina timu yake ya kandanda, na maombi ya jezi, mipira na nauli hufika mezani petu kila msimu. Tena wapo wanaoshauri kwamba Umoja uzichukue timu hizo moja kwa moja, uzilipie kila kitu na kuzipa jina lake. Shauri hilo litafikishwa mbele ya Mkutano Mkuu. Kabla halijafika, tumeona inafaa tuwaeleze wasomaji wetu habari za klabu moja ya nchi ya mbali, Japani, ambayo ililelewa na makampuni makubwa, ikapanda hata ikatwaa kombe la bara zima la Asia, kisha ikafutwa katika muda wa miezi mitatu.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba huko Japani mpira ulikulia mikononi mwa makampuni. Ligi yao ya taifa ilipoanza mwaka 1965, timu zote nane zilikuwa za makampuni: za chuma, za nyaya za umeme, za magari, hata moja ya benki. Wachezaji walikuwa waajiriwa wa kampuni, nao walifanya kazi kama wenzao na kufanya mazoezi baada ya kazi. Kampuni ya Toyo Kogyo ya Hiroshima, ambayo ndiyo watengenezaji wa magari ya Mazda, ilitwaa ubingwa mara nne za kwanza mfululizo. Hatuwezi kuulaumu utaratibu huo, kwa maana bila ya makampuni hayo pengine ligi isingekuwapo kabisa.

Klabu tunayoisimulia, hata hivyo, haikuzaliwa kiwandani. Ilianza mwaka 1964, mwaka wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kama klabu ya vijana wa mtaa mmoja katika mji wa bandari wa Yokohama. Ilikuwa klabu ya wenyeji, nayo ilipanda ngazi moja baada ya nyingine kwa nguvu zake. Ndipo mwaka 1979 Shirika la ndege la All Nippon Airways lilipoanza kuifadhili, na klabu ikaitwa Tristar, yaani jina la aina ya ndege kubwa zilizokuwa zikitumiwa na Shirika hilo. Baada ya miaka michache tu jina la Shirika lenyewe likawekwa mbele. Klabu ikaingia daraja la kwanza, ikapata fedha, walimu na viwanja vizuri. Lakini wale wa zamani wakaona kwamba nyumba waliyoijenga imepata mwenyewe mwingine.

Uchungu huo ulijitokeza hadharani mwezi Machi mwaka 1986. Siku ya mchezo wa mwisho wa msimu, dhidi ya timu ya Mitsubishi, wachezaji sita walikataa kuingia uwanjani, wakilalamikia jinsi klabu ilivyokuwa ikiendeshwa. Timu ikacheza pungufu, ikashindwa vibaya, na Chama cha Mpira cha Japani kikawafungia wale sita. Kwa sheria za mchezo adhabu hiyo ilistahili, kwani mchezaji hawaachi wenziwe uwanjani. Lakini twaona kwamba siku ile palikuwa na swali ambalo halikujibiwa na mtu yeyote: klabu hii ni ya nani? Miaka kumi na miwili baadaye swali hilo lilirudi, na safari hii halikuwahusu watu sita tu.

Mwaka 1993 Japani ilianzisha ligi mpya ya kulipwa yenye klabu kumi. Viongozi wa ligi hiyo walikuwa na mawazo mema. Waliagiza kila klabu iitwe kwa jina la mji wake, wala si kwa jina la kampuni. Basi klabu yetu ikaitwa Yokohama Flügels, jina lililotokana na neno la Kijerumani lenye maana ya bawa, na kila aliyelisikia alijua ni mabawa ya nani. Jina la kampuni liliondolewa katika jina la klabu, lakini mfuko ulibaki pale pale. Gharama zilibebwa na Shirika la ndege pamoja na kampuni ya ujenzi iitwayo Sato Kogyo. Tena klabu hiyo, ingawa ilikuwa na uwanja wa Mitsuzawa mjini Yokohama, ilipelekwa kucheza baadhi ya michezo yake ya nyumbani katika miji ya mbali ya kusini, kama Kagoshima, Kumamoto na Nagasaki, wakati jirani zao wa mji ule ule, Yokohama Marinos wa kampuni ya magari ya Nissan, walikuwa wakijikusanyia wapenzi nyumbani.

Hata hivyo ilikuwa timu ya kupendeza. Tarehe 1 Januari 1994 ilitwaa Kombe la Mfalme Mkuu, kombe la kale kuliko yote nchini humo, kwa kuwafunga Kashima Antlers magoli 6 kwa 2. Mwaka 1995 ikatwaa Kombe la Washindi la Asia, na mwaka huo huo ikaishinda klabu ya Thai Farmers Bank katika kugombea ubingwa wa mabingwa wa bara hilo. (Wakulima wenzetu watapenda jina hilo, ingawa ilikuwa timu ya benki tu, nayo pia ilivunjwa na wenyewe mwaka 2000.) Wakaletwa Wabrazili mashuhuri: Zinho, Evair na César Sampaio. Huyu Sampaio ndiye aliyefunga goli la kwanza la Kombe la Dunia la 1998 huko Ufaransa, na wakati ule alikuwa mchezaji wa Flügels.

Lakini wachezaji wa namna hiyo hulipwa fedha nyingi, na neema ya uchumi wa Japani ilikuwa imekwisha tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Kampuni ya ujenzi ilielemewa na madeni, ikajitoa. Hatimaye mwaka 2002 nayo ikafilisika. Shirika la ndege, likiwa lenyewe katika dhiki, halikutaka kuubeba mzigo peke yake. Tarehe 29 Oktoba 1998 likatoka tangazo kwamba Flügels wataunganishwa na Marinos, yaani na watani wao wa mji ule ule. Wachezaji walizipata habari hizo magazetini asubuhi ya siku ile ile. Wapenzi hawakuulizwa lolote. Kampuni haikuvunja sheria yoyote. Iliuza kilicho chake, au tuseme ilikigawa. Neno letu ni juu ya kuficha. Mtu aweza kukosa fedha bila ya kuona haya, lakini kuamua katika chumba kilichofungwa mambo ya watu elfu nyingi ni jambo jingine.

Wapenzi wakatoka mitaani kukusanya sahihi, wakaenda mpaka ofisi za Shirika. Haikufaa kitu. Wachezaji nao walifanya lile waliloliweza, yaani kucheza. Tangu siku ya tangazo timu ile haikushindwa tena hata mara moja. Katika Kombe la Mfalme Mkuu waliwatoa Jubilo Iwata, kisha wakawatoa Kashima Antlers, mabingwa wa ligi mwaka ule. Kila mchezo ungaliweza kuwa wa mwisho, maana kushindwa kulikuwa ndiyo kufa kwa klabu. Tarehe 1 Januari 1999, katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, walikutana na Shimizu S-Pulse. Shimizu walitangulia kufunga. Flügels wakasawazisha kabla ya mapumziko, na katika kipindi cha pili Yoshida Takayuki akafunga goli la pili. Wakapokea kombe, wakapiga picha, na klabu ikafutwa rasmi tarehe 1 Februari. Mshindi wa kombe lile hupelekwa kuiwakilisha Japani katika Asia. Kwa kuwa mshindi hakuwapo tena, walikwenda Shimizu walioshindwa, nao wakalitwaa kombe la Asia.

Wachezaji wakatawanyika. Kipa Narazaki na nahodha Yamaguchi walikwenda Nagoya. Kijana Endo Yasuhito, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, alikwenda Kyoto, na baadaye akaichezea timu ya taifa michezo 152, ambayo hakuna Mjapani aliyeifikia. Marinos waliongeza herufi F katika jina lao kwa ukumbusho. Wapenzi wengi wa Flügels waliikataa.

Wapenzi hao wakafanya jambo ambalo Wanaushirika watalielewa upesi. Walichanga fedha, wakaunda klabu yao, Yokohama FC, kwa mfano wa klabu ya Barcelona ambayo mali yake ni ya wanachama. Chama cha Mpira kikawaruhusu kuanza katika daraja la tatu badala ya kuanzia chini kabisa. Chini ya mwalimu Mjerumani, Pierre Littbarski, wakaongoza daraja hilo mwaka 1999 na tena mwaka 2000, na mwaka 2001 wakaingia daraja la pili.

Twapenda kusimulia kwamba uanachama ule ulidumu, lakini haukudumu. Palizuka ugomvi kati ya wanachama na viongozi juu ya haki waliyoinunua kwa michango yao: je, ilikuwa haki ya kuamua, au ya kushangilia tu? Masharti hayakuandikwa kwa namna ya kuwaridhisha wote, na utaratibu ule ukavunjika. Baadaye klabu ikaingia mikononi mwa kampuni ya upishi. Chini yake ilipanda daraja la kwanza kwa mara ya kwanza mwaka 2007, ikashuka, ikapanda tena zaidi ya mara moja. Michezo yake ya nyumbani huchezwa Mitsuzawa.